Mzee, Usukani na Gurudumu la Tatu

Mzee aliyezoea pikipiki kwa kawaida haanzi kushindwa nayo akiwa mwendoni. Huanza kushindwa anaposimama. Kwenye barabara ya Ilongero kuja Singida mjini, akiwa gia ya tatu na upepo umetulia, chombo chenyewe kinamsaidia: magurudumu yanazunguka, uma wa mbele umelalia nyuma kidogo, na pikipiki ikianza kuegemea upande mmoja usukani unaufuata upande huo na kuinyoosha. Taabu inamngoja mbele, kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, kwenye sheli, kwenye lango la mnada. Hapo lazima ashushe mguu. Chini kuna mchanga, au jiwe lililolala mshazari, na zaidi ya kilo 100 za chuma zinahamia kwenye goti moja. Ujuzi wake uko palepale. Goti ndilo lililozeeka.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mkoani Singida huo si umri wa kukaa barazani. Mtu wa miaka 60 ana shamba la alizeti Ikungi au vitunguu Mkalama, ana mifugo, ana mjukuu wa kupelekwa shule, ana tarehe ya kliniki ya presha. Chombo anakihitaji. Swali la kama chombo hicho kiwe na matairi mawili au matatu limeulizwa na wazee wa nchi nyingi, na majibu yao yameachana sana. Nikiyaweka pamoja naona jambo ambalo katika mazungumzo yetu hapa nyumbani halisemwi: kwingine gurudumu la tatu limemwezesha mzee kuendelea kushika usukani, lakini kwetu limemhamishia kiti cha nyuma.

Kwanza tutazame mwili wa mzee wetu unajua nini. Wanaume wa Singida na Tabora waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960 wengi walijifunza mizani juu ya Phoenix ya Kichina, au Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam, mguu ukipitishwa ndani ya pembetatu ya fremu kwa sababu tandiko lilikuwa juu mno kwa mtoto. Baiskeli hizo zilibeba maji, mahindi na wagonjwa. Baadaye bwana shamba, bwana mifugo, mwalimu mkuu na katekista wakapewa Honda, Suzuki na Yamaha za miradi na misheni. Mwanzoni mwa karne hii zikaja pikipiki za Kichina, nyingi zikiwa na injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, kisha Boxer na TVS za Kihindi zikaenea mpaka kijiji cha mwisho. Kwa hiyo mtu wa miaka 65 ana ujuzi wa matairi mawili wa nusu karne. Ujuzi huo ni mali kubwa, na ndio huohuo unaomponza siku ya kwanza anapopanda chombo cha miguu mitatu.

Sababu ni hii. Pikipiki hukata kona kwa kulala. Mwendeshaji akitaka kwenda kulia akiwa kasi, mkono wake wa kulia husukuma usukani mbele kidogo, gurudumu la mbele likaelekea kushoto kwa muda usiotosha kupepesa jicho, ndipo chombo kilalie kulia na kugeuka. Waendeshaji wengi hufanya hivyo maisha yao yote bila kujua kwamba wanafanya. Guta la mizigo au bajaji hailali. Usukani unageuzwa kuelekea unakokwenda, kama wa gari, na uzito wa chombo unavutwa kwenda upande wa nje wa kona. Mzee aliyezoea kusukuma upande wa kulia ili aende kulia atasukuma, na chombo kitakwenda kushoto. Hilo ni la kwanza. La pili linaumiza zaidi: akihisi chombo kinayumba, mguu wake unatoka wenyewe kwenda chini, kama ulivyofundishwa tangu enzi za Phoenix. Kwenye miguu mitatu, nyuma ya mguu huo kuna tairi. Limewahi kukanyaga vifundo vya miguu vya watu wengi duniani, na mafunzo ya kwanza ya chombo cha aina hii popote pale ni kuacha miguu ikae mahali pake.

Faida yenyewe ni ya kweli na haina ubishi. Vitu vitatu vikiwekwa chini vyote hugusa ardhi, hata ardhi ikiwa ya mawe. Mama aliyepanga mafiga anajua. Chombo cha miguu mitatu kikisimama, kimesimama. Goti halibebi kitu. Mzee anaweza kusimama kwenye kilima, akavuta breki ya mkono, akashuka, akafungua lango la zizi, akarudi. Lakini umbo hilohilo la pembetatu ndilo lenye udhaifu wake. Bajaji na guta zina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbele ndivyo kitako cha chombo kinavyokuwa chembamba. Mtu akikata kona kwa kasi na kushika breki papo hapo, uzito unahamia mbele, pale pembamba, na tairi la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Pikipiki huanguka ikiwa imesimama au inakwenda polepole. Chombo cha miguu mitatu hupinduka kikiwa kinakwenda. Kwa mzee, mwanguko wa kwanza unaweza kuvunja nyonga. Wa pili unaweza kumlaza chini ya chombo chenye kilo zaidi ya 300.

Hayo ni ya chombo. Barabara za Singida nazo zina maoni yake. Lami iko, kutoka Manyoni kupita Singida mjini hadi Shelui, na ile ya kwenda Babati, na juu ya lami miguu mitatu inatulia vizuri mradi mtu asikimbie. Ukitoka hapo kwenda vijijini, magari yamechimba mifereji miwili na katikati pamebaki tuta la majani. Pikipiki inachagua mfereji mmoja. Chombo cha miguu mitatu hakina cha kuchagua: magurudumu ya nyuma yakiingia mifereji yote miwili, la mbele linapanda tuta, la mbele likiwekwa mferejini, tairi moja la nyuma linapanda tuta na lingine linabaki pembeni, na mzee anasafiri ameinama upande kilomita nzima. Mashimo vilevile. Mwenye pikipiki anayakwepa kwa mstari mmoja, mwenye miguu mitatu ana mistari mitatu ya kulinda, na tairi za bajaji ni za rimu ya inchi 8 tu. Boxer ina rimu za inchi 17. Shimo ambalo Boxer inalivuka, bajaji inaingia.

Kwenye mchanga mambo yanageuka. Gurudumu la mbele la pikipiki likizama mchangani usukani unacheza, na anayeokoka ni mwenye nguvu za kuongeza mafuta na kuacha chombo kitafute njia. Ujasiri huo hupungua na umri, na kupungua kwake ni busara. Miguu mitatu inapungua mwendo, pengine inakwama, haimwangushi. Masika, kwenye udongo mweusi wa mbuga za Wembere, vyote viwili hushindwa: tope linajaa kwenye madigadi mpaka tairi linakataa kuzunguka. Halafu kuna upepo. Singida ni mkoa wa upepo, ndiyo maana mipango ya kuzalisha umeme wa upepo imetajwa sana huko. Kiangazi upepo wa ubavu humsukuma mwenye pikipiki nje ya mstari wake, na mzee mwenye mabega yaliyokakamaa kwa baridi ya asubuhi ya Julai, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchelewa kuirudisha pikipiki. Bajaji ina kioo cha kumkinga kifua, lakini turubai lake nalo hukamata upepo huohuo.

Sasa tuvuke bahari kwenda Unguja, kwa sababu huko wazee wamejibu swali hili bila kuongeza gurudumu. Mzee wa Zanzibar anaendesha Vespa. Anaiendesha akiwa na kanzu na kofia yake, na hajawahi kuhitaji kurusha mguu juu ya tandiko. Vespa ilitoka kiwanda cha Piaggio nchini Italia mwaka 1946, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyekuwa ametengeneza helikopta na ambaye hakuzipenda pikipiki za wakati wake. Akaifungua katikati ili miguu ipite, akaweka ngao ya kuzuia tope, akahamishia gia kwenye mkono wa kushoto, injini akaificha. Miaka miwili baadaye, 1948, D'Ascanio huyohuyo akaitolea Piaggio chombo cha mizigo cha matairi matatu kilichoitwa Ape, kilichojengwa juu ya mawazo ya Vespa. Mwaka 1959 Bajaj Auto ilipata leseni ya serikali ya India ya kutengeneza vyombo vya matairi mawili na matatu, ikishirikiana na Piaggio. Bajaji iliyoegeshwa leo kwenye stendi ya Singida, na gia zake kwenye mkono wa kushoto, ni ndugu wa damu wa Vespa ya mzee wa Mji Mkongwe.

Ndugu hawa waligawana kazi. Vespa ilimwachia mzee usukani kwa kumshushia chombo: akisimama, nyayo zote mbili zinafika chini, na uzito mwingi uko chini pia. Kwa mji wa vichochoro na barabara fupi za lami, naliona jibu la Zanzibar kuwa zuri kuliko yote ninayoyataja hapa. Jibu hilo haliwezi kuhamia Singida kama lilivyo. Rimu ya Vespa ya inchi 10 itazama kwenye mchanga wa Ikungi, na kilomita 40 za barabara ya vumbi ni mateso kwenye shokapu zake fupi. Lakini somo la tandiko la chini na katikati palipo wazi linabaki, na nashangaa kwamba pikipiki zinazouzwa bara karibu zote zinamlazimisha mtu wa miaka 70 kurusha mguu kama kijana.

Marekani walifuata njia nyingine. Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car ya matairi matatu kuanzia 1932 hadi 1973, chombo cha kazi kilichotumiwa na mafundi wa gereji na polisi wa usalama barabarani. Kwa toleo la mwaka 2009 wakaja na Tri Glide, na wateja wake wengi ni watu waliozeekea kwenye pikipiki na hawataki kuziacha. Ina kilo zaidi ya 500 na rivasi. Kanada, kampuni ya BRP ilikuwa imetoa Can-Am Spyder mwaka 2007 ikiwa na magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na kwa usalama wa kona huo ndio mpango bora: ukishika breki, uzito unahamia pale penye upana. Ulaya kuna Piaggio MP3 ya mwaka 2006, yenye mawili mbele ambayo hulala pamoja na mwendeshaji. Ufaransa inamruhusu mwenye leseni ya gari kuendesha chombo cha namna hiyo, ila tangu 2011 inamdai kwanza mafunzo ya saa 7. Bei za vyombo hivi kwetu si za kuzungumzia. Ninachokichukua kwao ni msimamo: mtu anazeeka, chombo kinabadilishwa, mwendeshaji anabaki yeye.

India wanayo njia ya fundi wa mtaani. Skuta ya kawaida inafungiwa magurudumu mawili ya pembeni nyuma, na mzee au mtu mwenye ulemavu anaendelea na safari zake za sokoni na msikitini kwa gharama ndogo. Skuta hiyo hailali tena, kwa hiyo ina hatari zote za kona nilizozieleza, lakini haiendi mbali wala kasi.

Turudi nyumbani. Hapa Tanzania gurudumu la tatu liliingia likiwa teksi. Kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa leseni, picha ikakamilika: kijana yuko mbele, mzee yuko nyuma. Nisieleweke vibaya, kwa safari nyingi hilo ni jambo jema. Bibi wa miaka 70 anayekwenda hospitali ya rufaa ya mkoa akiwa amevaa kitenge, kwenye bodaboda atakaa upande, miguu yote ikining'inia kushoto, mkono mmoja ukishika fulana ya dereva na mwingine kadi ya kliniki. Mara nyingi atawekwa mishikaki na abiria mwingine. Kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, hayo yamethibitishwa na uchambuzi wa tafiti nyingi, lakini bibi huyu hana kofia, au anayo isiyomkaa juu ya kilemba. Bajaji inampa sakafu ya kukanyaga, kiti cha kuegemea na chuma cha kushika. Kati ya hivyo viwili, kwa abiria mzee, sioni hoja yoyote ya kuitetea bodaboda isipokuwa kwamba inafika ambako bajaji haifiki. Hoja hiyo ni nzito Singida, kwa sababu huko ndiko wazee wengi wanakoishi. Matibabu ya mzee asiye na uwezo hospitalini ni bure na dirisha lake lipo. Nauli ya kulifikia hailipwi na mtu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema watumiaji wa vyombo vya moto vya matairi mawili na matatu ni takribani asilimia 30 ya wanaokufa barabarani duniani. Vimehesabiwa pamoja. Kwa mzee anayetaka kujua kipi kitamfaa, hesabu ya namna hiyo haimsaidii, maana vinaua kwa njia tofauti.

Kuna chombo cha tatu ambacho katika mjadala huu kinasahaulika kwa kuwa kinaonekana cha mizigo tu, nacho ni guta, ambalo sehemu nyingine huitwa toyo. Mimi naamini guta ndilo jibu la mzee wa Singida anayetaka kuendelea kujiendesha. Tairi zake za nyuma kwa kawaida ni za rimu ya inchi 12, kubwa kuliko za bajaji. Injini yake mara nyingi ni ya ukoo uleule wa CG, kwa hiyo fundi wa pikipiki wa Kiomboi au Itigi anaijua na vipuri viko dukani. Lina rivasi, yaani mzee hashuki kulivuta kinyumenyume kwa kiuno. Linabeba magunia ya alizeti hadi kwenye mashine ya kukamua, na likirudi linabeba mashudu. Kwa bei linazidi pikipiki na linakunywa mafuta zaidi, hilo nalikubali, ila pikipiki ya mzee asiyeweza tena kuisimamisha inamgharimu zaidi, kwa kuwa inaishia kuendeshwa na mtu mwingine.

Na guta lina jambo ambalo pikipiki haikuwahi kulitoa. Nimesema wanaume wa kizazi kile walijifunza baiskeli utotoni. Wasichana wengi wa wakati huo hawakuruhusiwa. Mama wa miaka 62 ambaye hakuwahi kupanda Phoenix hawezi kuanza leo kujifunza mizani ya matairi mawili, mifupa yake haiwezi kulipa karo ya kuanguka. Miguu mitatu haimdai mizani. Tena yeye ana nafuu kuliko mumewe, kwa kuwa mwili wake hauna mazoea ya kulala kona wala ya kushusha mguu. Atafundishwa usukani, klachi, gia na breki, na hatakuwa na kitu cha kusahau kwanza.

Hapo ndipo pesa za umma zinapaswa kuulizwa. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bodaboda na bajaji ni miongoni mwa miradi iliyopendwa sana na vikundi vya vijana. Mzee mwanamume, kwa uzee wake, hana fungu humo. Mzee mwanamke analo, kwa kuwa ni mwanamke, na kikundi cha akina mama wakulima wa alizeti kinachoomba guta na kutaja waziwazi kwamba madereva wake wana miaka zaidi ya 55 kingekuwa na ombi la haki kabisa. Dar es Salaam watu wenye ulemavu wameendesha bajaji na kujipatia riziki kwa miaka mingi. Hakuna aliyebaki na sababu ya kusema kwamba usukani wa miguu mitatu ni wa vijana wenye viungo vyote tu.

Yapo ambayo gurudumu la tatu haliponyi. Mtoto wa jicho ni yuleyule kwenye matairi mawili na matatu, na mzee anayeona taa za lori zimetapakaa kama moshi asiendeshe jioni, hata akiwa na matairi sita. Dawa za presha zinazompa kizunguzungu anapoinuka zisemwe kwa daktari pamoja na habari kwamba anaendesha. Mlima Sekenke, ambao malori yenyewe huushuka kwa gia nzito, usishukwe na guta lililojaa: breki zake za ngoma huchemka na kuishiwa nguvu, na hakuna nguvu ya mkono itakayozisaidia.

Kwa anayeamua kununua, au kwa watoto walioko Dar es Salaam na Arusha wanaochanga kumnunulia baba, kuna kazi ya siku chache kwa fundi wa kuchomelea: kidato cha kupandia upande wa kushoto, egemeo la mgongo kwenye tandiko, chuma cha kuzuia mguu usirudi nyuma kwenye njia ya tairi. Guta tupu huruka na kunyanyuka upande, kwa hiyo mifuko ya mchanga ilale kwenye bodi, juu ya eksele ya nyuma, wakati wa kujifunza. Mahali pa kujifunzia ni uwanja wa mpira wa shule siku isiyo ya masomo, gia ya kwanza na ya pili, kona za kulia kisha za kushoto, breki kabla ya kona na kamwe si ndani yake. Siku za mwanzo mtoto au mjukuu akae pembeni akitazama kitu kimoja tu, mguu wa mzee. Siku utakapokoma kutoka kwenda chini, mpelekeni akafanye mtihani wa leseni.